Majibu kwa Wasomaji: Kodi ya mapato kwa ndugu zetu wanaofanya kazi Marekani

Mwajiri wa Marekani anatakiwa kumpa kila mfanyakazi, kabla ya mwezi wa Januari kwisha, karatasi iitwayo W-2, ambayo inaonyesha mshahara wote wa mwaka uliopita pamoja na kodi iliyokwisha kukatwa. Ndiyo maana katika majuma haya barua nyingi zinazotufikia hapa Lubumbashi huja na picha ya karatasi hiyo, imepigwa kwa simu, pembe yake moja imekunjika, na chini yake swali lile lile kwa maneno mbalimbali. Tumechagua barua nne. Majina ya walioandika tumeyaacha, na mambo yasiyohusu kodi tumeyafupisha.

Sijatimiza siku 183: je, mimi ni mkaazi au mgeni?

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama wa Kampemba. Niliingia Houston, Texas, tarehe 11 Agosti 2025 kwa viza ya mhamiaji, na grini kadi ikanifikia baadaye kwa posta. Nimefanya kazi ya usafi hospitalini hadi mwisho wa mwaka. Mume wangu na watoto wetu wawili wako Lubumbashi, ambako yeye anapata dola 600 kwa mwezi katika kampuni inayohudumia migodi. Mimi mwenyewe kabla ya kuondoka nilikuwa nikipata dola 300 kwa mwezi katika duka la dawa. Jirani ananiambia kwamba sijatimiza siku 183, kwa hiyo nijaze fomu ya wageni. Ndugu mmoja wa kanisani anasema nijaze fomu ya kawaida na niandike kwamba sina mume, kwa kuwa mume hayuko hapa. Nimsikilize nani?*

Mama, wote wawili wamekosea, ijapokuwa jirani yako amekosea kwa heshima zaidi, kwa sababu hesabu anayoitaja ipo kweli. Sheria ya kodi ya Marekani inamhesabu mtu asiye raia kuwa mkaazi kwa njia mbili, na moja ikitosha, ya pili haihitajiki. Njia ya kwanza ni grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu. Njia ya pili ni hesabu ya siku: awe amekaa angalau siku 31 katika mwaka wenyewe, na siku za miaka mitatu zikijumlishwa zifike 183, ila kwamba siku za mwaka huu huhesabiwa zote, za mwaka uliotangulia huhesabiwa theluthi yake, na za mwaka uliotangulia huo huhesabiwa sehemu moja ya sita. Kuanzia tarehe 11 Agosti hadi 31 Desemba ulikaa siku 143, kwa hiyo kwa njia ya pili ungebaki mgeni. Lakini wewe uliingia ukiwa tayari na haki ya ukaazi wa kudumu, na ukaazi wako wa kodi ulianza siku ile ile ulipokanyaga uwanja wa ndege, hata kama kadi yenyewe ilichelewa njiani.

Matokeo yake ni kwamba mwaka wako wa 2025 umekatika vipande viwili: mgeni hadi tarehe 10 Agosti, mkaazi baada ya hapo. Mtu wa namna hii hujaza fomu 1040 kwa kipande cha ukaazi, akaambatanisha fomu 1040-NR kama maelezo ya kipande cha ugeni. Mshahara wa duka la dawa, ulioupata Lubumbashi kabla ya kusafiri, hauwahusu Wamarekani katika mpango huo. Hilo ni jema. Lisilo jema ni kwamba mwenye mwaka uliokatika hivi hapewi lile punguzo la jumla ambalo wakaazi wengine huondolewa kabla ya kodi kuhesabiwa, na akiwa na ndoa hawezi kujaza pamoja na mwenzake. Tuangalie sasa karatasi yako. Kisanduku cha 1 kinasema mshahara dola 11,200. Kisanduku cha 2 kinasema kodi iliyokatwa dola 610. Bila punguzo lolote, dola 11,200 zote zinatozwa asilimia 10, maana katika mwaka 2025 ngazi hiyo ya kwanza inafika hadi dola 11,925 kwa mtu mwenye ndoa anayejaza peke yake. Kodi yako ni dola 1,120. Ukitoa zile 610, utadaiwa dola 510.

Lakini ipo njia nyingine, na ndiyo ambayo ningependa uipime pamoja na mumeo kwa simu, kabla ya kusaini kitu chochote. Sheria inaruhusu mke na mume, ambao mmoja wao ni mkaazi wa Marekani siku ya mwisho ya mwaka, wachague wote wawili kuhesabiwa kuwa wakaazi kwa mwaka mzima na kujaza tamko moja la kodi, yaani fomu moja ya kutangaza mapato yao ya mwaka. Gharama ya uchaguzi huo ni kwamba mapato yote ya wote wawili, popote yalipopatikana duniani, huingia katika tamko. Kwenu ni dola 11,200 za hospitali, dola 2,100 za duka la dawa kwa miezi saba, na dola 7,200 za mumeo: jumla 20,500. Ila punguzo la jumla kwa mke na mume wanaojaza pamoja kwa mwaka 2025 ni dola 31,500. Hakuna hata dola moja inayobaki ya kutozwa, na zile 610 zilizokatwa zinakurudia. Kati ya kudaiwa 510 na kurudishiwa 610 kuna tofauti ya dola 1,120, ambayo inazidi mshahara wako wa miezi mitatu katika duka la dawa.

Mambo matatu yataisumbua njia hiyo. Mumeo hana namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, kwa hiyo ni lazima aombe namba ya mlipa kodi kwa fomu W-7, na fomu hiyo husafiri pamoja na tamko lenyewe, kwa karatasi, si kwa kompyuta. Fomu hiyo inataka pasipoti yake halisi, au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyotoa pasipoti hiyo. Muhuri wa notari haukubaliwi, na hapa ndipo watu wetu wengi wanapopoteza miezi, kwa kuwa kwetu muhuri wa notari hufungua karibu kila mlango. Pili, mnaambatanisha barua fupi, iliyosainiwa na wote wawili, inayosema kwamba mnachagua kuhesabiwa wakaazi. Bila sahihi ya mumeo barua hiyo haina kazi. Tatu, uchaguzi huu haufi mwisho wa mwaka. Unaendelea mwaka hadi mwaka mpaka mmoja wenu auvunje, na ukivunjwa hamwezi kuufanya tena. Mumeo akipanda cheo mgodini na kuanza kupata dola elfu kadhaa kwa mwezi, fedha hizo nazo zitasomwa Houston. Siku hiyo kodi aliyokatwa Kongo itapunguzwa katika kodi ya Marekani, lakini hesabu itakuwa ndefu.

Kama mshahara wake umeandikwa kwa faranga katika fishi ya malipo, mtaugeuza kuwa dola kwa wastani wa thamani ya mwaka. Watoto, kwa bahati mbaya, hawaingii. Sababu yake utaisoma katika jibu la barua ya tatu.

Kuhusu visanduku vya 4 na 6, ambavyo umevizungushia wino mwekundu ukiuliza kama fedha hizo nazo zinarudi: dola 694.40 ni asilimia 6.2 ya hifadhi ya jamii, na dola 162.40 ni asilimia 1.45 ya Medicare, yaani bima ya afya ya wazee. Hazirudi. Ni michango ya uzeeni, na mwenye grini kadi huitoa kama raia.

Tarehe ya mwisho ni 15 Aprili 2026. Kwa kuwa karatasi za mumeo zinaweza kuchelewa, jaza fomu 4868 kabla ya siku hiyo, nawe utapewa muda hadi tarehe 15 Oktoba. Muda huo ni wa kujaza tu. Anayedaiwa fedha anatakiwa kuzilipa Aprili. Na ushukuru kwamba uko Texas, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Dada zako walioko Iowa wana tamko la pili la kujaza, ambalo mwisho wake ni 30 Aprili.

Niliambiwa wanafunzi wamesamehewa kodi

*Ndugu Mhariri, nilimaliza shahada ya kwanza Lubumbashi, na tangu Agosti 2023 ninasoma Ohio kwa viza ya F-1. Mwaka 2024 nilifanya kazi maktabani chuoni na kupata dola 6,400. Nilijaza fomu 1040 kwa programu ya simu, nikarudishiwa dola 1,210, kati yake 1,000 ikiwa ni msaada wa ada ya masomo. Sasa mwenzangu kutoka Kolwezi ananiambia kwamba nimeiba. Mbona chuo kilitueleza kwamba sisi wanafunzi tumesamehewa?*

Ndugu yangu, hukuiba, lakini fedha hizo si zako. Neno "kusamehewa" ndilo limekupoteza, na limewapoteza wengi. Kinachosamehewa ni siku. Mwanafunzi wa viza ya F-1 hahesabiwi siku zake za kukaa Marekani kwa miaka mitano ya kalenda, na mwaka wa kuingia huhesabiwa mzima hata kama aliingia Agosti. Miaka yako ni 2023, 2024, 2025, 2026 na 2027. Katika muda huo wote unabaki asiye mkaazi mbele ya kodi, ujapokaa siku 365 bila kuvuka mpaka, na mshahara wako unatozwa kama kawaida. Hesabu ya siku zako itaanza tarehe 1 Januari 2028, ukiwa bado huko.

Asiye mkaazi hujaza fomu 1040-NR. Hana punguzo la jumla. Ndugu zetu wa India wanalo kwa sababu ya mkataba wa kodi kati ya nchi yao na Marekani, lakini Kongo haina mkataba kama huo na Marekani. Tunao na Ubelgiji na Afrika Kusini, jambo ambalo halikusaidii wewe uliye Ohio. Msaada wa ada uliopewa na programu ni wa wakaazi. Hesabu sahihi basi ni hii: dola 6,400 kwa asilimia 10 ni 640, ulikuwa umekatwa 210, kwa hiyo ulipaswa kuongeza 430, badala yake ulipokea 1,210. Unatakiwa kurudisha takribani dola 1,640 pamoja na riba. Unarekebisha kwa fomu 1040-X, ukiambatanisha ile 1040-NR ambayo ungepaswa kuijaza tangu mwanzo, na ni afadhali sana uandike wewe kwanza kuliko kungoja barua yao.

Mimi ninayekujibu nilifanya kosa hilo hilo katika mwaka wangu wa kwanza huko. Ofisi moja ndogo ya kujazia watu fomu, jirani na chuo, ilinitoza dola 80, na yule kijana wa mezani hakuniuliza hata mara moja nina viza gani. Nilirudisha fedha kwa mafungu kwa karibu mwaka mzima. Tangu hapo, mtu yeyote anayetaka kunijazia fomu bila kuuliza viza na tarehe ya kuingia, ninamwaga kwa upole na kuondoka na karatasi zangu.

Kuna faraja ndogo katika picha uliyotutumia. Kisanduku cha 4 kina dola 396.80 na cha 6 kina 92.80. Hapo ndipo mwanafunzi wa F-1 asiye mkaazi anasamehewa kweli: kwa kazi inayoruhusiwa na viza yake hatakiwi kukatwa michango hiyo. Omba ofisi ya mishahara ya chuo ikurudishie dola 489.60, ikikataa, utaidai idara ya kodi, IRS, kwa fomu 843 pamoja na fomu 8316. Na kila mwaka usisahau fomu 8843, ambayo inaeleza kwa nini siku zako hazihesabiwi. Hiyo huijaza hata mwanafunzi ambaye hakupata senti.

Mwanangu anatulisha sisi sote: kwa nini asituandike?

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni baba wa Katuba, nimestaafu kazi ya reli. Mwanangu yuko Marekani na grini kadi tangu miaka sita. Kila mwezi ananitumia dola 300, na ndizo zinazotulisha mimi, mama yake na wadogo zake watatu ambao bado wako shuleni. Ninasikia kwamba mtu anayetunza jamaa hupunguziwa kodi. Yeye anasema haiwezekani. Je, ananificha? Tena ameweka dola 14,000 katika akaunti ya banki hapa Lubumbashi kwa ajili ya kujenga, na mimi ninaweza kusaini. Anatakiwa kuzisema huko?*

Baba, mwanao hakukuficha kitu. Ili mtu aandikwe kuwa tegemezi katika tamko la Marekani, sharti awe raia wa Marekani, au mkaazi wa Marekani, au mkaazi wa Kanada au Mexico. Mfanyakazi mwenza wa mwanao ambaye mama yake anaishi Mexico anaweza kumwandika, masharti mengine yakitimia. Mwanao ambaye mama yake anaishi Katuba hawezi, hata akituma mara mbili zaidi. Sheria imechora mstari kwa kufuata majirani wa Marekani, na sisi hatumo. Fedha anazowatumia haziondolewi katika mapato yake kwa jina lingine lolote, wala mfuko wa rambirambi, wala ada ya shule ya wadogo zake.

Yeye hadaiwi kodi kwa sababu ya kuzituma. Zawadi kwa mtu mmoja isiyozidi dola 19,000 kwa mwaka 2025 haihitaji hata kutangazwa, na dola 300 kwa mwezi ni 3,600 tu. Kilichobadilika ni kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2026 mtu anayetuma fedha nje ya Marekani kwa kulipa noti mkononi hukatwa asilimia 1, yaani dola 3 katika zile 300. Akilipia kutoka akaunti yake ya banki au kwa kadi ya banki ya Marekani, hakatwi. Mwambie aache kwenda dirishani na noti.

Akaunti ya ujenzi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mwenye grini kadi akiwa na akaunti nje ya Marekani, na jumla ya akaunti zake zote ikapita dola 10,000 hata kwa siku moja ya mwaka, anatakiwa kuzitaja katika taarifa iitwayo FBAR. Haipelekwi pamoja na tamko la kodi; hupelekwa peke yake kwa intaneti katika ofisi nyingine ya wizara ya fedha, na mwisho wake ni 15 Aprili, ingawa muda huongezeka wenyewe hadi 15 Oktoba. Taarifa hiyo haitozi kodi. Lakini faini ya kutoiandika ni kubwa mno ikilinganishwa na dakika ishirini za kuijaza. Anahesabiwa pia kwa akaunti ambayo si yake lakini ana ruhusa ya kuisaini, kwa hiyo kama mmemwandika katika akaunti ya ukoo au ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, nayo iingie. Wewe, Baba, ambaye huishi Marekani, huna cha kuandika.

Nyumba ikisha kujengwa na kupangishwa, kodi ya nyumba atakayolipwa na mpangaji itakuwa mapato yake, na ataitangaza Marekani kama mshahara. Alicholipa kwa serikali huku juu ya mapato ya upangishaji atakipunguza huko kwa fomu 1116, mradi awe na risiti. Anza kuziweka risiti hizo tangu mwezi wa kwanza, katika bahasha yake.

Kaka yangu hajajaza kwa miaka mitatu

*Dada Mhariri, kaka yangu ni dereva huko Dallas, ana grini kadi, na hajajaza tamko la mwaka 2022 wala yaliyofuata. Anaogopa kwamba akijitokeza atafukuzwa. W-2 zake za zamani amezipoteza.*

Mwambie, Dada, kwamba hatari iko katika kukaa kimya. Akija kuomba uraia ataulizwa katika fomu N-400 kama aliwahi kukosa kujaza tamko la kodi tangu alipopata ukaazi, na hapo atajibu kwa kiapo. W-2 zilizopotea si kizuizi: IRS huweka nakala ya mapato yote yaliyotangazwa na waajiri, naye anaweza kuiomba bila malipo.

Kama anadaiwa, adhabu ya kutojaza ni asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi, hadi asilimia 25, na ya kutolipa ni nusu ya asilimia 1 kwa mwezi. Hivyo ajaze hata kama hana fedha ya kulipa, kisha aombe kulipa kwa mafungu. Kama kila mwaka alikatwa zaidi ya alichopaswa kulipa, hakuna adhabu kabisa, ila kuna saa inayopita: fedha ya mwaka 2022 asipoidai kufikia tarehe 15 Aprili 2026 inabaki kwa serikali. Aanze na mwaka huo. Dallas, kama miji mingine, ina vituo vya kujitolea vinavyoitwa VITA, ambavyo huwajazia wenye mapato ya kawaida bila kuwatoza. Apige simu kwanza aulize kama wanapokea miaka iliyopita, na aende na grini kadi, kadi ya hifadhi ya jamii na nakala za mapato zikiwa mkononi.